Gari Lisilo na Njaa

Bi Sitara binti Sadalla hakujua kuendesha gari, na wala hakuwa na haja ya kujua. Akipanda alikaa kiti cha mbele, mwiko wake mrefu ameulaza mapajani, na dereva akikwangua gia alimwambia, "Usikoroge hivyo, utaunguza." Huyo ndiye aliyetuchagulia landrova. Siku hizi nawasikia wanaume wa mtaa wetu wa Gerezani, Dar es Salaam, wakisimulia habari za gari lile, na kila mmoja anasema ushauri ulikuwa wake. Waongo. Mimi Tatu nilikuwepo, nilikuwa mkata vitunguu wake, na nitasema nilichokiona. Atakayeudhika na audhike.

Kazi yake ilikuwa kupika kwenye shughuli. Harusi, maulidi au khitima, kuanzia Kariakoo mpaka Mbagala, mtu akitaka pilau la watu wengi alikuja kugonga mlango wa Bi Sitara, nyuma ya karakana za Gerezani, ambako masufuria yake makubwa yalilala uani yamefunikwa kifudifudi. Alikuwa mfupi, mwembamba, na hakuwa na sauti kubwa. Lakini akisema "moto umezidi," watu wazima walichomoa kuni bila kuuliza. Kilichowashangaza wengi ni kwamba hakuonja chakula. Alinusa. Aliinama juu ya sufuria, akafumba macho, akavuta pumzi, akajua chumvi imekolea au bado. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe tu za mpishi anayetaka kusifiwa. Hadi siku moja aliponusa mchuzi akaniambia bizari niliyoleta imechanganywa na unga wa mahindi. Nikairudisha sokoni, nikamgombeza muuzaji mpaka akaona haya akanibadilishia.

Ilikuwa ile miaka baada ya vita vya Kagera. Kila kitu kilikuwa kwa foleni: sukari, sabuni, khanga, mafuta ya kula, mafuta ya gari. Ukisema tu "nimepata mafuta," mtu alikuuliza yapi, na yoyote utakayotaja alikuonea wivu. Kwa shughuli za mjini tulisukuma masufuria kwa mkokoteni, hatukuwa na shida. Shida ilikuwa shughuli za mbali, kwenye mchanga na matope, ambako ilibidi tukodi gari. Wenye magari walituahidi asubuhi, mchana wakatuambia petroli hakuna.

Yaliyotufika Tandika ndiyo yaliyomwamsha. Tulikodi pikapu kwenda kupika harusi, ikaishiwa petroli katikati ya njia, na dereva akaondoka na galoni lake tupu kwenda kutafuta. Tukakaa juu ya magunia ya mchele, nyama inaanza kubadilika rangi, jua linapanda. Tulipofika, wageni walikuwa wamekwisha kula mihogo ya kuchemsha iliyotafutwa kwa majirani, na mama wa biharusi amejifungia chumbani kwa aibu. Bi Sitara alikwenda akakaa nje ya mlango ule, akamwomba radhi, na yule mama hakumjibu hata neno moja. Njiani kurudi nilimwona Bi Sitara analia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile, na niliogopa.

"Tatu," aliniambia, "simwaibishi tena mama wa biharusi. Nikimwaibisha mwingine, naacha kupika."

Hakuwa anatishia tu. Nilimjua. Basi akatuita wapishi wote wa kikundi chetu cha ushirika, akatutaka tuvunje upatu wetu, kila mwenye zamu yake ya kupokea aiache, tununue gari letu wenyewe. Zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa yangu. Nilikwisha mwambia mama yangu kwamba nitamwezekea nyumba kwa bati. Nilikubali, maana nani angemkatalia Bi Sitara, lakini nilinuna wiki nzima na vitunguu nilivikata vikubwa vikubwa makusudi. Aliona, akavikaanga hivyo hivyo.

Wakati huo shirika moja la umma lilikuwa linauza magari yake yaliyochoka, na landrova mbili zililetwa kwenye uwanja wa fundi Leodegar, hapo hapo Gerezani. Leodegar alikuwa mtu wa kusini, kutoka huko Ndanda, mpole, mikono yake imeingia grisi mpaka kwenye mistari ya viganja. Landrova ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya petroli, viti vyake vizima, vioo vyote vipo. Ya pili ilikuwa ya rangi ya jivu, ya dizeli, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na ikinguruma ilitikisa mpaka vibati vya banda. Zote mbili zilivuta kwa magurudumu manne, zikapita kwenye mchanga bila wasiwasi. Kwa hilo hapakuwa na ubishi.

Ubishi aliuleta shemeji yake, Rajabu, ndugu wa marehemu mumewe. Rajabu alifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, alivaa vizuri, na nitamsema kwa haki kwa sababu alikuwa na hoja. Aliingia kwenye lile jeupe, akagusa ufunguo, likawaka papo hapo.

"Umeona, shemeji? Harusi haingoji. Hili ukilitaka lipo. Hilo jingine asubuhi lina uvivu, mpaka lisukumwe. Utamwambia biharusi avumilie, unatafuta watu wa kusukuma?"

Wenzangu wote wakatikisa vichwa kukubali. Hata mimi. Bi Sitara akamgeukia fundi.

"Na wewe unasemaje, mwanangu?"

Leodegar alikuna shingo. "Mama, Mzee Rajabu hajakosea. Jeupe ni jepesi kuwaka, ila linakunywa. Hili la jivu halina njaa, ila kulipasha moto ni kazi, na betri yake imechoka. Mimi nitakutengenezea lolote utakalochukua. Kitu nisichoweza kukutengenezea ni petroli."

Wengine wangeishia hapo wakarushiana maneno. Yeye akataka kuona. Akauliza kila moja linakula kiasi gani, na fundi akasema hapo hapo wanaweza kujaribu. Akachukua chupa mbili za soda zinazolingana, moja akatia petroli, nyingine dizeli, kila moja akaifunga juu ya boneti ya gari lake na kuunganisha mipira, ili injini ivute kutoka kwenye chupa badala ya tangi. Tukagawana kupanda, tukatoka kuelekea Ilala kwa barabara ya Uhuru, lile jeupe mbele linapepea, sisi wa jivu nyuma tunanguruma na kufuka moshi. Watu wa Kariakoo walisimama kututazama, magari mawili yamebeba chupa za soda juu na wanawake ndani wanaimba. Kabla hatujafika hata penye kugeuzia, jeupe likakohoa likasimama, chupa kavu. Letu likageuza, likarudi mpaka Gerezani, na chini ya chupa kulikuwa kumebaki. Bi Sitara aliinyanyua chupa ile akaitazama dhidi ya jua, akatabasamu kidogo.

"Haya, tumeona ulaji," akasema. "Sasa zizimeni zote mbili. Nataka kahawa."

Tukadhani amechoka. Jeupe lilikuwa limekwisha tiwa petroli na kurudishwa, bado la moto. Akanunua kahawa kwa muuzaji aliyekuwa anapita, akanywa taratibu, akapiga soga na fundi habari za jamaa zake huko kusini, akauliza hali ya mama yake. Alipomaliza kikombe akasema, "Washeni."

La jivu lilishika mara moja. Jeupe likazungushwa, likazungushwa tena, likalia bila kushika. Rajabu akashuka akafungua boneti. Leodegar akaeleza kwamba gari lile limetumika sana, na likishapata moto petroli huchemka kwenye mpira wake. Liachwe lipoe, litawaka.

"Basi mimi nimeshaamua," alisema Bi Sitara. "Nina wapishi wa namna hizi mbili. Kuna anayekuja asubuhi na mapema, amejipamba, anacheka na kila mtu, ikifika adhuhuri kichwa kinamuuma. Na kuna kama Tatu hapa. Huyu asubuhi humwamshi hata kwa maji ya ndoo, lakini akishashika kisu hakiweki chini mpaka masufuria yameoshwa. Shughuli ni mchana, Rajabu. Nipe la jivu."

Watu wakaangua kicheko, na mimi sikujua nifurahi au nigombe. Nikachagua kufurahi. Siku ile vitunguu nilivikata vyembamba.

Rajabu hakukasirika. Alilinunua jeupe yeye mwenyewe, akalifunga riboni, akawa anabebea maharusi mjini, na kwa mjini lilimfaa kweli. Sisi kila asubuhi tulijifunga khanga viunoni tukasukuma la jivu uchochoroni huku majirani wakitucheka. Bi Sitara akaanza kupika uji wa pilipili manga, na yeyote aliyekuja kusukuma alipata kikombe. Baada ya muda hatukusukuma tena sisi. Watu walikuja wenyewe. Dereva wetu, Shomari, kijana wa Magogoni aliyependa kujifanya mkubwa, alisema hajawahi kuona gari linalowashwa kwa uji.

Kuanzia hapo hatukuchelewa popote. Dizeli tuliipata kidogo kidogo kwa kibali cha ushirika, na ile kidogo ilitutosha. Tulifika Mbagala, tukafika Kisarawe, tukafika mahali ambapo mapikapu yalikataa kwenda. Bi Sitara alianza kunenepa.

Kisha akaja Bi Mboni wa Mjimwema, ng'ambo ya Magogoni. Mjane, binti mmoja tu, na binti huyo anaolewa na kijana wa Kariakoo. Alivuka kwa kivuko akaja mpaka Gerezani na debe la mafuta ya kula kichwani. Debe zima! Wakati ule kupata chupa moja ilikuwa habari ya mtaa. Bi Mboni alikuwa ameyakusanya chupa kwa chupa, foleni kwa foleni, tangu binti alipochumbiwa. Alifika ana jasho, akalitua mbele ya Bi Sitara kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada. Nakuletea mapema uniwekee. Nikiliacha nyumbani litaisha kwa 'niazime kijiko.' Sina kingine cha kumpa mwanangu, nina pilau lake tu. Nataka watu wakumbuke kwamba aliolewa."

"Marahaba. Watakumbuka," alisema Bi Sitara, akaliingiza debe chumbani kwake mwenyewe.

Harusi ilikuwa Jumapili. Waliokuwepo wanakumbuka sheria ya Jumapili: ikifika saa nane mchana, gari la mtu binafsi lilale nyumbani, ukikutwa barabarani una kesi na polisi. Kwa hiyo tulipakia alfajiri. Masufuria, mchele, nyama, vikapu vya vitunguu, na madebe mawili: la mafuta ya Bi Mboni na la dizeli ya akiba. Dizeli nayo tuliiweka kwenye debe la mafuta ya kula, kwa sababu madebe mengine yalitoka wapi? Kila mtu Dar es Salaam alifanya hivyo. Tuliyapanga, tukayapangua kupisha sufuria kubwa, tukayapanga tena.

"Shomari," aliita Bi Sitara akiwa ndani anavaa baibui, "tia mafuta kabisa, tusije tukakwama!"

"Yote?"

"Yote!"

Shomari akatia. Watu wakasukuma, wakanywa uji wao, tukaondoka. Kwenye kivuko abiria waligeuka geuka wakinusanusa, na mmoja akauliza nani anauza maandazi. Tulipoingia kwenye mchanga wa ng'ambo harufu ilizidi. Mimi nilidhani ni masufuria yetu hayakuoshwa vizuri, nikaanza kumtafuta wa kumlaumu. Bi Sitara alikuwa amekunja uso, pua juu. Gari lenyewe lilikwenda vizuri, tena lilinguruma kwa upole kuliko siku zote.

Mjimwema tukapokewa kwa vigelegele. Tukatengeneza meko, moto ukakubali, sufuria ya kwanza ikapata joto, vitunguu vyangu tayari kwenye sinia. Bi Sitara akafungua debe. Akainama kunusa, kama desturi yake. Akabaki ameinama hivyo hivyo. Kisha akalifunika, akasimama, akamtazama Shomari aliyekuwa amekaa juu ya gogo anapenga kamasi.

"Shomari, una mafua?"

"Tangu juzi, Bi Sitara."

"Asubuhi ulipotia mafuta, hukusikia harufu yoyote?"

"Mimi? Hata harufu ya uji sikuisikia."

Hapo ndipo sote tulipoelewa. Debe lililokaa mbele ya meko lilikuwa la dizeli. Mafuta ya kula ya Bi Mboni, foleni zake zote, yalikuwa tumboni mwa landrova. Tulimchagua asiye na njaa, akala harusi nzima.

Kuna aliyecheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Shomari alikuwa anataka kulia. Mtu mwingine angeficha, angetuma watu wazunguke nyumba kuazima, angesema debe limemwagika. Bi Sitara alinawa mikono, akaingia ndani moja kwa moja kwa Bi Mboni, mbele ya ndugu na jamaa, akasema, "Dada, mafuta yako gari langu limeyala. Kosa ni langu, nilisema tia mafuta bila kusema yapi. Usimlaumu mwingine."

Bi Mboni hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye kizingiti, akauliza, "Yote?" Bi Sitara akajibu, "Yote." Basi yule mama akajifunika uso kwa ushungi wake. Nilikumbuka ule mlango wa Tandika, na nilimwogopea Bi Sitara kuliko nilivyomwonea huruma Bi Mboni. Nilijua alichoapa.

Lakini hakukaa kulia. Alitoka nje akatazama juu, kwenye minazi ya watu, akauliza ni ya nani. Kabla hatujakaa sawa nazi zilikuwa zinaanguka, mbuzi za kukunia zinatolewa kila nyumba, na wanawake wa Mjimwema wamezikalia mstari mzima. Tukakuna mpaka vidole vikatoka damu. Tui zito likabandikwa, likachemka, likachemka mpaka likaachana na mafuta yake, mafuta safi yanayonukia, kama walivyofanya bibi zetu kabla madebe hayajaja mjini. Haikuwa debe. Lakini vitunguu vya sufuria ya kwanza vilikaangika vikawa vyekundu, na Bi Sitara aliponusa safari hii nilimwona mabega yanashuka.

Bi Mboni bado alikuwa kwenye kizingiti. Aliletewa maji, hakunywa.

Ndipo mjomba wa biharusi alipofika kwa baiskeli, mbio, anahema. Bwana harusi na watu wake walikuwa wamevuka salama kwa gari la Rajabu, lile jeupe. Lakini mchanga ulikuwa mzito, gari likavuta kwa nguvu, likanywa petroli yote mbali kabisa na hapa. Wako juani na kanzu zao. Na saa nane inakaribia. Gari jingine halitavuka tena leo.

Sheikh akatazama saa yake. Watu wote wakalitazama la jivu.

"Mimi siliwashi," Shomari alisema, akirudi nyuma. "Limefika kwa bahati tu. Ndani mna mafuta ya pilau! Likifia huko, hakuna bwana harusi na nyinyi hamna gari."

Hakuwa mjinga. Baadaye Leodegar alitueleza kwamba injini ya dizeli ya kizamani ile, ikiwa na joto na mafuta yamechanganyika na dizeli iliyokuwamo, inaweza kuvumilia kwa muda, na kwamba lile jeupe lingekufa pale pale Gerezani. Alisafisha chujio lake siku nzima, akatuapisha tusirudie. Lakini siku ile Leodegar hakuwepo, na hakuna aliyejua lolote. Tulijua tu kwamba ndani ya chuma kile kulikuwa na jasho letu la miaka.

Bi Sitara akatugeukia sisi wapishi. "Gari si langu, ni letu sote. Semeni nyinyi."

Nilifikiri bati la mama yangu. Nasema kweli, nililiona kabisa, linang'aa. Kisha nikamwona Bi Mboni pale kizingitini.

"Liende," nikasema mimi. Wenzangu wakaitikia.

Wanaume wakapandisha kanzu zao wakasukuma kwenye ardhi ngumu mbele ya msikiti, likaguna, likaguna, likashika. Harufu ya kukaanga ikatanda kijiji kizima. Shomari alikuwa amekubali kushika usukani, lakini bado hakutia gia. Bi Sitara akazunguka nyuma, akainama kwenye bomba la moshi kama anavyoinama kwenye sufuria, akafumba macho, akanusa.

"Halijaungua," akasema. "Linakaanga vizuri. Nenda, mwanangu, moto wa wastani."

Likaondoka. Tukarudi kwenye meko, lakini hakuna aliyekuwa na akili ya kupika ila yeye. Aligeuza wali, akapanga makaa juu ya mifuniko, akanituma hiki na kile, na kila mara niliona shingo yake inageukia njiani. Sheikh aliuliza mara moja, hakuuliza tena.

Hatukulisikia kwanza. Tulilinusa. Watoto walianza kupiga kelele "Maandazi! Maandazi!" kabla mtu hajaona chochote, kisha ikatokea kati ya minazi pua ya jivu, bwana harusi amekaa mbele na kilemba chake, wazee wamejazana nyuma, na huko nyuma zaidi, limefungwa kamba, jeupe na riboni zake, Rajabu kwenye usukani anacheka na kutupungia mkono.

"Shemeji!" alipaza sauti. "La kwako halina aibu, linanivuta huku linanipikia!"

Vigelegele vilipasua masikio. Katikati ya kelele zile Bi Mboni akainuka kizingitini. Alipita katikati ya watu, hakumtazama mkwe wala wazee, akaenda mpaka kwenye landrova ikiwa bado inanguruma, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka kwa moto, akakiweka tena.

"Haya mafuta yangu," alisema, na watu wakasogea kumsikia. "Nimeyapangia foleni nikidhani ni ya pilau. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yaniletee mkwe."

Akamgeukia Bi Sitara, akamshika mabega yote mawili. Hapo ndipo nilipomwona Bi Sitara akilia kwa mara ya pili, na safari hii alikuwa anacheka humo humo, mwiko umemdondoka mchangani. Bi Mboni akauokota, akaufuta kwa khanga yake ya harusi, akamrudishia, wakaenda pamoja kupakua.